Iko Maneno

Kanisani kwetu Bunia, kabla ya Meza ya Bwana, shemasi husimama mbele na kuuliza kama kuna mtu mwenye maneno na ndugu yake. Maneno, kwetu, ni ugomvi. Mwenye nayo haruhusiwi kugusa mkate mpaka wapatane. Basi shemasi anauliza, "Iko maneno?" na kanisa zima linajibu, "Hapana!"

Miaka ile vita vilipotulia, jibu hilo lilinikera. Waliojibu kwa sauti kubwa niliwatazama mara mbili, nikijiuliza wanaficha nini. Tuliokuwa tumekimbizana kwa mapanga tulikaa benchi moja tukiitana ndugu, na baada ya ibada kila mtu alikwenda kwake akafunga mlango mapema.

Mama yangu peke yake alijibu, "Iko." Alikaza kitenge chake, akatoka nje, akatungoja tumalize. Maneno yake yalikuwa na jirani tuliyepakana naye ua, mwimbaji wa kwaya. Wakati wa vita baba alijificha juu ya dari ya jiko. Waliokuja kumwua hawakupekua nyumba. Walikwenda jikoni moja kwa moja. Zaidi yetu, habari ya dari aliijua jirani huyo tu, kwa kuwa aliwahi kuja kuomba moto akamkuta baba akipanda.

Ushahidi hatukuwa nao. Hata hivyo nilimchunguza mwanamke yule kila alipopita. Kwa nini atusalimu kwa furaha kiasi kile? Kwa nini atuletee sombe, mboga ya majani ya muhogo, kila apikapo? Sombe yake niliwapa kuku. Kuku hawakudhurika, na bado sikumwamini.

Kisha mama akapata uvimbe tumboni, ikaamuliwa apelekwe hospitali ya Nyankunde kupasuliwa. Aliogopa sana. Alisema hawezi kwenda kulala chini ya kisu bila kushiriki Meza. Jumapili ya mwisho kabla ya safari, shemasi alipouliza, mama akasimama.

"Iko," akasema.

Lakini hakutoka nje. Alikwenda moja kwa moja kwenye kwaya, akasimama mbele ya jirani. Nilimfuata, mwanangu mgongoni, maana sikutaka abaki peke yake na yule mtu.

"Dada, mi najaribu kukusamehe," mama alimwambia, "na mi nashindwa. Miaka yote hii mi nashindwa."

Shemasi akaja mbio. "Mama, kama haujasamehe, utakula Meza namna gani?"

"Kama niko na nguvu ya kusamehe peke yangu, Mwokozi alikuya kufanya nini?" mama akamjibu. "Nitakula sababu nimeshindwa."

Mama akanyoosha mkono, na jirani akaushika huku akilia. Hata machozi yale niliyashuku. Nikasema moyoni, sasa atatubembeleza, arudi kuimba.

"Balishikaka mutoto wangu," jirani alisema kwa sauti ndogo. "Balisema batamukata mbele yangu. Njo nikabaonesha jikoni."

Kwaya nzima ilisikia: ili mwanawe asikatwe, aliwaonyesha wauaji alipojificha baba. Mama alitoa kilio ambacho sikuwa nimekisikia hata siku ya mazishi ya baba. Nikaona anataka kuuvuta mkono wake. Hakuuvuta.

"Yesu, saidia siye," alisema. "Siye wote mbili."

Kwa miaka nilikuwa nikiyangoja maneno ya yule mwanamke, na matusi ya kumjibu nilikuwa nimeshayachagua. Badala ya kuyatoa, niligusa mguu wa mwanangu. Alikuwa amelala mgongoni mwangu, pumzi yake ikinipasha shingo. Nilijiuliza: wangemshika huyu, ningenyamaza? Nilitaka kujibu ndiyo papo hapo, na sikuweza.

Mkate ulipofika, mama alikula. Mimi niliushika tu mkononi, nikijiogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa jirani.