Kinga Mkono

Juzi sokoni nilipita karibu na meza ya magadi, nikasikia harufu ya mate ya ng'ombe. Ng'ombe hakuwepo.

Utotoni, katika bweni letu la watoto wasioona, nje kidogo ya Shinyanga, mimi ndiye niliyekuwa sikunjui ngumi. Kila kitu kiliniwasha kama upupu: blanketi, nyasi, hata ugali. Mwalimu alikwishasema kwamba asiyegusa hawezi kusoma maandishi ya nukta, kwa hiyo nirudishwe kwetu.

Asubuhi moja mlezi wetu, ambaye sote tulimwita Mayu kama tulivyowaita mama zetu kwa Kisukuma, alinipeleka zizini kwa ng'ombe wa maziwa.

"Kinga mkono," akasema.

Nikakataa. Akanimwagia magadi juu ya ngumi.

Lo, ulimi huo! Mpana, wa moto, unakwaruza kama msasa, ukajipenyeza katikati ya vidole kutafuta chumvi. Nilipiga kelele, kisha nikagundua kwamba nacheka, na ngumi iko wazi! Nikataka tena. Nikaupeleka mkono mwenyewe, nikapapasa pua iliyolowa, midomo, ufizi.

"Mayu! Mayu! Hana meno ya juu!"

"Hana, mwanangu," akajibu. "Haya, tafuta ya chini."

Pale sokoni muuzaji, kijana kwa sauti, alinisogelea.

"Shikamoo, mzee. Kinga mkono uonje."

Nikakinga yote miwili.