Limonadi ya Kasongo

Niliondoka Kabambare kwa sababu ya pamba. Kapita, msimamizi wa kilimo cha serikali, alikuwa ameshanipimia shamba kwa kamba. Mtu asiye na kazi kwa mzungu alilima pamba ya serikali au alilala gerezani. Shule niliiacha mapema, ila magari niliyapenda. Binamu yangu Ferdinandi, karani wa Kasongo, akaniita: "Njoo kwenye Serkle, kilabu yetu ya makarani, Jumapili. Kazi inapatikana kwa kujuana."

Njiani, karibu na Lusangi, mama mmoja nisiyemjua aliniuliza jina kabla ya kunipa maji. Nikasema, Kalonda.

"Kalonda! Weye iko majina ya mutoto wangu!"

Akanipikia kama amenizaa. Kwetu mwenye jina lako humwiti rafiki, unamwita majina. Ni nusu yako, na mama yake ni mama yako.

Kule Kasongo, Ferdinandi aliniazima koti, akanifunza. "Kalonda uache hapa nyumbani. Sema Augustin. Shika mkono, uliza mutu anafanya kazi wapi, halafu sogea. Usigande."

Jumapili alasiri ukumbi ulijaa makarani, tai na limonadi. Nilishika mikono mpaka wangu ukalowa. Wote waliuliza neno moja: "Unafanya kazi wapi?" Nikisema natafuta, mkono ulilegea kama samaki. Dereva mmoja wa lori za pamba, viatu vyake viking'aa, aliitwa Monsieur Joseph.

"Augustin? Enchanté, nafurahi kukujua," akasema, macho yake yakiwa mlangoni, ambako mzungu alikuwa anaingia. Akaniachia glasi yake tupu mkononi, akaenda. Nilisimama nayo kama mtumishi. Nusura niivunje.

Kazi sikupata. Kurudi Kabambare, Ferdinandi aliniombea nafasi ya juu ya lori, kwenye magunia ya chumvi. Siku ya pili tukazama kwenye tope. Abiria wote tukashuka kusukuma. Mama mmoja mchuuzi, jirani wa dereva tangu utoto, akapiga kelele:

"Kalonda, rudisha nyuma!"

"Naam!" Tuliitika wawili.

Dereva, ambaye kutoka juu ya magunia sikuwa nimemwona uso, akatoa kichwa dirishani. Alikuwa Monsieur Joseph.

"Weye pia iko Kalonda? Majina! Mbona ulisema Augustin?"

"Na wewe mbona ulisema Joseph? Ukanipa glasi nikuoshee!"

Yule mama alicheka hadi akakaa topeni. "Wanaume wazima, wanafichana jina kama kuku wa wizi!"

Dereva akashuka, akanikumbatia. "Panda mbele, majina. Musaidizi wangu alitoroka. Jumapili nilikuwa natafuta mutu."

"Ulikuwa unamtafuta mlangoni," nikamwambia. "Mimi nilikuwa mbele yako."

Akarudi kwenye kiti chake. Akafuta usukani kwa mkono wa shati, ingawa haukuwa na tope.

Kabambare, kapita alikuwa anatungoja sokoni. "Kalonda, shamba linakuita!"

"Huyu ni musaidizi wangu," dereva akasema. "Kama unataka Kalonda wa kulima, nichukue mimi."

Kapita akaenda zake akinung'unika. Kazi niliipokea, kwa sababu pamba ni pamba. Lakini hasira sikuishusha pamoja na chumvi. Jumapili na topeni nilikuwa mtu yuleyule, na katika ukumbi mzima wa watu waliokuja kujuana hakuna hata mmoja aliyemjua. Tangu hapo, nikikutana na mtu namuuliza anaitwaje kwao. Akinijibu kwa kazi yake, namuuliza tena.