Sheria Yangu ya Kutosimama

Miaka ile ya tisini, hapa Karatina, karata zetu zilikuwa na sheria za kujitungia: kila Jumapili mmoja anapendekeza mpya, wengine wanapiga kura. Mimi, mjuaji, nikapitisha hii: anayesimama kabla mchezo haujaisha ametoka. Nilimlenga Wachira, fundi cherehani asiyetulia kitini.

Jumapili iliyofuata tulichezea kwangu. Nikiwa nimekodolea karata macho, nikasikia viti vikisogea. Wenzangu wote watatu wamesimama.

"Wajinga nyinyi," nikawacheka, nimejinyoosha kitini. "Mmetoka wote. Sheria ni sheria."

Nikainua macho. Mama mkwe wangu alikuwa mlangoni na kiondo chake, ametoka Kangari bila kutuma habari, anangoja mkwewe asimame amsalimie.

"Kaa tu, Baba Wambui," akasema. "Nimesikia ni sheria."