Nafasi Iliyolala Bure

Hata leo nikipita Kerugoya mbele ya ile hospitali, roho inanichemka. Na wa kwanza ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Niliwawekea kompyuta kubwa ya kutunza faili za wagonjwa. Kwenye diski nikatenga kipande cha peke yake, kile mafundi tunakiita swap. Kumbukumbu ya mashine ikijaa, ya ziada inahamia pale. Na mashine ikianguka ghafla, inamwaga pale kila ilichokuwa nacho kichwani, ili fundi akija ajue kilichoiua. Siku nyingi kipande hicho huonekana kitupu. Ndiyo kazi yake.

Msimamizi wa hospitali, mzee wa kanisa mwenye shamba lake la kahawa mlimani, akauona utupu huo kwenye skrini. "Fundi, hii yote imelala ya nini? Huku kwetu hakuna mtu anaacha shamba ikae bure, ati inangojea msiba!" Alitaka aweke video za sherehe ya kufungua wodi mpya. Nikaeleza. Nikaeleza tena. Akacheka, akasema vijana tuna maneno mengi. Nikachoka, nikaifuta swap kwa mikono yangu, nikampa shamba lake apande video.

Miezi miwili baadaye mashine ikaanguka saa nne asubuhi, foleni imefika getini. Ilipowaka, faili za asubuhi ile hazikuwepo. Aliyekuwa ameketi kwenye kompyuta ni mama wa rekodi, mtu mzima aliyejifunzia kompyuta papo hapo kazini. Msimamizi akakata kauli: huyu amegusa asichokijua. Nikasema si yeye. "Basi leta ushahidi." Ngai! Ushahidi gani? Pale ulipopaswa kuwa kulikuwa na kwaya inaimba na wakubwa wanakata keki.

Mama akanigeukia. "Waambie, kijana wangu. Si wewe ndiye unaijua?" Nilijua vizuri sana. Lakini kusema swap ilienda wapi ni kumuumbua msimamizi mbele ya wafanyakazi wake, na mimi nilitaka kuitwa tena. Nikafyata mkia. Ijumaa mama akapewa barua ya kuachishwa kazi.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia la mkuu, guu likavunjika la mwingine!

Jumamosi nikazihamisha video, nikairudisha swap bila kuomba ruhusa ya mtu. Wiki iliyofuata mashine ikaanguka tena, na safari hii ikaandika kila kitu: kadi ya kumbukumbu ya mashine ilikuwa mbovu. Hakuna kidole cha binadamu kilichohusika. Nikaichapisha ile ripoti, nikapanda ngazi mbio, nikaibamiza mezani kwa msimamizi.

Akaisoma pole pole, akavua miwani. "Kazi nzuri, fundi. Nunua kadi ingine. Lakini huyo mama tusimsumbue tena. Ashazoea kukaa nyumbani."

Amezoea kwa wiki moja! Nikashuka ngazi, nikaenda kununua kadi.