Kisiki Timutimu Mlangoni kwa Wasusi

Jina lake lote ni Kitana binti Sindano binti Kinu, na kila jina hapo lilipatikana kwa jasho. Kinu aliwatwangia majirani mwaka wa njaa na hakumpunja mtu hata konzi moja. Sindano, bintiye, alishona sare za shule nzima kwa cherehani lililovunjika kanyagio, mkono mmoja ukizungusha gurudumu, mwingine ukisukuma kitambaa. Na Kitana mwenyewe amesuka vichwa vya mtaa huu tangu barabara ikiwa vumbi tupu. Akiona kisogo tu kwenye umati, atakuambia ni cha nani na nywele hizo kazirithi kwa nani.

Alianza bila saluni. Alianza kwenye kona, ubavuni mwa mzeituni mzee, akiwa na kiti cha kukunja na kioo alichokitundika kwenye msumari alioupigilia mwenyewe shinani. Alipopata chumba ng'ambo ya barabara, alihama na kioo, msumari akauacha. Mti ukaumeza polepole mpaka kikabaki kichwa chake tu, kama kifungo cha shati. Kila asubuhi, kabla ya kufungua kufuli, Kitana aligeuka kwanza akautazama.

Basi siku walipokuja kupanua barabara, alikuwa katikati ya kichwa cha mwalimu wa chekechea. Alisikia msumeno wa mashine, akadhani ni seremala. Aliponyanyua macho, mzeituni ulikuwa umelala chini na mtambo wa kijiko unasogea kung'oa kisiki.

Hakuvua hata aproni. Alivuka barabara huku kitana kakiuma kwa meno, mwalimu nyuma yake, upande mmoja wa kichwa mistari safi, upande mwingine umesimama kama ufagio.

"Mama, toka hapo," dereva wa kijiko alimwambia. "Kama unataka kuni, subiri tukutupie."

"Kuni ninazo. Nautaka mti wangu."

"Mti uko wapi? Hilo gogo."

"Na wewe siku ya kwanza ulikuwa na ndevu? Kichimbe taratibu, mwanangu, kama unamtoa mtoto kitandani bila kumwamsha."

Dereva alicheka, lakini alichimba taratibu. Kisiki kikatoka kizima na tumbo lake, kinene chini, kimejipinda kiunoni kama mwanamke aliyebeba ndoo. Na msumari ulikuwa palepale. Kitana aliugusa kwa kidole, akahisi miguu inataka kucheza.

Yeye na mwalimu walikipeleka kwa toroli hadi kwa muuza miche wa karibu na kituo cha mafuta. Bwana huyo alikuwa na ugonjwa wa bonsai, ile miti mizee inayolelewa ndani ya vyungu vifupi kama sahani, imekomaa kama ya msituni lakini unaibeba kwa mikono miwili. Alipokiona kisiki, aliuachia mpira wa maji ukamwagikia viatu vyake mwenyewe.

"Dada, unajua umebeba nini?"

"Kisiki."

"Umebeba bonsai ambayo mimi nitazeeka sijaipata."

Aliikata mizizi kwa msumeno ikawa sawasawa chini, akakipanda kwenye sanduku la mbao lenye kokoto ndogo na mchanga mnene. "Mzeituni ni mbishi," alisema. "Hutoa macho hata kwenye gome kavu. Ila kikichipua, usikiguse. Kiache kifuge nywele msimu mzima, maana majani ndiyo yanayolisha mizizi mipya. Baadaye ndipo tutachagua matawi, tuyafunge waya, tukihamishie kwenye chungu chake. Ukikikata mapema, unakizika."

Kitana akakiweka barazani, mlangoni mwa saluni. Ili unyevu usikimbie, alikivisha mfuko wa nailoni kichwani, uleule anaowavisha wateja waliopakwa mafuta ya moto. Mwenye kiti cha pili alikuwa Wembe, dada wa marehemu mumewe, aliyepewa jina hilo kwa ajili ya mkono wake wa mkasi, na kwa ajili ya ulimi.

"Wifi, huyo mteja wako mbona hasuuzwi?" Wembe aliuliza.

"Hana haraka. Na hanisengenyi, si kama wengine."

"Hana mdomo, ndiyo maana."

Halafu asubuhi moja, chini ya nailoni, Kitana aliona kitu cha kijani, kidogo kama kichwa cha kiberiti. Akavaa miwani. Vilikuwa vingi, upande wote wa kulia. Aliacha mteja mwenye povu kichwani akatoka kuwaita watu: fundi viatu, mama wa duka la vitenge, hata dereva wa kijiko aliyekuwa akila mkate kwenye kivuli cha mtambo wake. Wote wakainama kutazama kisiki kama wanatazama kichanga.

Machipukizi yakawa vijiti, vijiti vikawa kichaka. Upande wa kushoto ulibaki upara, na Kitana alijua kuwa bila tawi la kushoto mti ungeanguka machoni pa mtazamaji. Mkono ulimwasha. Alikuwa akipita hapo na mkasi nyuma ya mgongo kama mwizi wa kuku, anajizuia, anarudi ndani. Wateja nao hawakukosa la kusema. "Kinyozi hajinyoi, tunajua," alisema mama wa vitenge, "lakini hata mlango wake?"

Wembe lilimkaa rohoni hilo. Siku Kitana alipokwenda kupima macho, alirudi akakuta barazani pamefagiwa, na kisiki kimenyolewa mviringo, kimechongwa safi kama mpira.

"Nimekuondolea aibu," Wembe alisema, akijipangusa mikono. "Kichwa timutimu mlangoni kwa wasusi, wifi, nani ataingia?"

Kitana aliokota vijiti pipani, kimoja kimoja, akavipanga mapajani. Muuza miche alipokuja alikuna shingo. "Akiba yake kilishaitumia kuchipua. Sasa sijui. Tusubiri."

Mawifi walisubiri bila kusemezana. Majani machache yaliyosalia yakageuka manjano, yakadondoka. Ndani ya saluni, mwalimu wa chekechea aligeuzwa tarishi.

"Mwalimu, mwambie aliye nyuma yako anipe kibanio," Wembe alisema.

"Mwalimu, mjibu kwamba kibanio kiko kwenye aproni yake mwenyewe."

"Mimi nilikuja kusuka tu, mama zangu," mwalimu alisema.

Kumbe Wembe alikuwa akifika kabla ya mtu yeyote, anachutama barazani, anatazama gome. Na yeye ndiye aliyeona.

"Wifi." Alisema bila tarishi. "Wifi, njoo. Acha hicho kichwa, njoo."

Kushoto, kwenye upara, chini kidogo ya msumari, palikuwa na jicho la kijani. Kitana alipiga magoti. Alilitazama mpaka miwani ikapata ukungu, kisha akamshika Wembe mkono uleule wa mkasi, akaubana hasa.

"Kimebanwa kulia kikatokea kushoto," muuza miche alisema alipokuja kukiona, akicheka peke yake. "Hiyo ni bahati ya mlevi kuvuka barabara. Msijaribu tena."

Kulia nako kukachipua tena, na msimu uliofuata walifunga waya matawi ya huko. Hapo muuza miche alikaa pembeni, maana Kitana alijua tangu utotoni mwake: ukilegeza, msuko unafumuka; ukikaza sana, kichwa kinauma. Tawi likapinda, likatulia. Kisiki kikaanza kufanana na ule mzeituni wa kona, mzima mzima, kama unauona kutoka mbali. Kilichobaki ni tawi la kushoto, jembamba bado, na chungu kifupi kinachongoja ndani ya kabati.

Hapo binti yake Kitana, aliyeolewa mji mwingine, akatuma ujumbe kuwa anakaribia kujifungua. Kitana akafunga begi. Asubuhi ya safari alimpeleka Wembe barazani, akamkabidhi ufunguo wa saluni na mkasi wake mwenyewe.

"Kata vichwa vyote vitakavyoingia humu. Hili la kushoto liache. Litakwenda ovyo, litachomoza hadi njiani, watu watakucheka."

"Na nikiwashwa?"

"Weka mikono mfukoni, wifi. Lisiguswe mpaka linenepe kama kidole gumba changu." Akamwekea kidole gumba kiganjani, akipime vizuri. "Mimi nikichelewa, utalifunga waya wewe."