Mashavu na Gari la Kwamhina

Asubuhi ya mwisho waliyoamka wote wawili wazima, Mashavu alichemsha mihogo, akaitia chumvi mara mbili. Mbaruku alitafuna kipande kimoja, akasita.

"Leo umemwaga mfuko mzima, Mama Zamda?"

"Tafuna. Meno manne umebaki nayo, nayo yanachagua?"

Akajifunga kanga, akaenda uani kuchambua maharage. Mbaruku akashika jembe. Hawakuagana, maana nani humuaga mkewe akienda shamba la nyuma ya nyumba? Kesho yake Mashavu hakuinuka. Siku ya tisa wakamzika.

Kwenye arobaini watu walisema mengi. Mkarimu, mcheshi, mkulima. Yote kweli. Wazee wachache waliobaki walilitaja lile gari, wakacheka. Mbaruku hakucheka.

Walihamia kijiji cha ujamaa cha Kwamhina, kati ya Handeni na Korogwe, mwaka wa sitini na nane. Zamda, mtoto wao wa kwanza, alikuwa na miaka sita. Masika ya mwaka uliofuata akashikwa na homa. Wanaume wakamlaza kitandani, wakakibeba kitanda kwa zamu kuelekea hospitali ya Korogwe. Wengine walikuja kutoka mashambani bila kuitwa, wakapokezana. Jua lilipofika utosini Mashavu alimshika mtoto mguu, akasema, "Shusheni." Wakashusha. Kisha wakageuza kitanda, wakarudi nacho polepole.

Mbaruku hakuwa amesoma. Kabla ya kuhamia alikuwa fundi wa mashine katika shamba la mkonge upande wa Mazinde, na injini alizijua kwa kuzisikiliza. Wiki mbili zikapita baada ya matanga. Mashavu ndiye aliyeanza.

"Baba Zamda, yale machuma yanayooza kule Mazinde, huwezi kuyafanya yatembee?"

Kazi ikachukua miaka miwili. Fremu ilikuwa ya tela la kubebea mkonge. Injini ilitoka kwenye Land Rover iliyoanguka korongoni, ikaachwa huko mpaka majani yakaota ndani yake. Mabati ya ubavuni aliyanyoosha Mashavu kwa nyundo, kila jioni akitoka shamba la kijiji. Alizijua spana kwa namba zake kabla hajajua kusoma namba nyingine yoyote. Lilipowaka mara ya kwanza lilitoa moshi hadi kuku wakakimbilia porini, na watu wakaliita Jiko.

"Mama Zamda, jiko limeiva?"

"Limeiva. Nyama iko wapi, au umekuja na domo tupu?"

Mwenyekiti wa kijiji, Salimu, hakulipenda. Hakuwa mtu mbaya. Kijiji kilikuwa kinatafuta injini ya mashine ya kusaga, wanawake wasiendelee kutwanga, na injini ilikuwa pale uani kwa Mbaruku. Akaja na wajumbe wake.

"Mzee Mbaruku, gari la mtu mmoja katika kijiji cha ujamaa, tutalieleza vipi?"

"Si la mtu mmoja," Mashavu akajibu. "Ni la wagonjwa."

"La wagonjwa! Mara ngapi nimeliona linasukumwa? Nimpakie mgonjwa, afie njiani huku watu wanasukuma?"

Wakafikia makubaliano. Fidahussein, mwenye duka la vipuri pale Korogwe, alikuwa ametangaza mashindano siku ya Sabasaba, ya magari yaliyoundwa kwa mikono. Korogwe hadi Handeni na kurudi, mara mbili, kuanzia alfajiri. Kila gari watu wawili. Likiharibika watengeneze wenyewe. Likisukumwa na watu wengine, limetoka. Salimu akasema: likimaliza bila kusukumwa, litabaki na kubeba wagonjwa. La sivyo, injini ikasage mahindi.

Magari yalikuwa sita. Mbaruku alishika usukani, Mashavu akakaa pembeni na madebe manne ya maji, maana rejeta ilivuja. Kila lilipochemka walisimama, likapoa, akamwagia, wakaendelea. Wakati wanarudi Korogwe mara ya kwanza waliyapita magari mawili yamekufa njiani. Safari ya pili wakafika Handeni, wakageuza. Madebe yakaisha karibu na nyumbani, palipo na mchanga. Mbaruku akazima injini, akachukua debe, akateremka kwenye dimbwi chini ya barabara.

Kwenye njia ile, tangu gari la kwanza lilipopita, gari likisimama haliachwi. Mwenye jembe analiweka, mwenye kuni anazitua. Watu walikuwa wakivuna karibu. Waliona Jiko limesimama, Mashavu peke yake juu, wakaja mbio na wimbo wao wa kazi. Bibi Mwaija, mama yake Mbaruku, aliweka bega lake la mfupa mtupu.

"Acheni!" Mashavu alipiga kelele. "Acheni, msiguse!"

"Tukuache mwanetu ukwame? Tukaze, jamani!"

Mbaruku aliporudi na maji alikuta gari liko mbele hatua thelathini, kwenye ardhi ngumu, na watu wanapiga makofi. Hakuna aliyekuwa na habari ya sharti. Mbaruku aliinua debe. Akajaza rejeta, akawasha, likaitika.

Mbele kidogo ndipo aliponena.

"Mama Zamda, hakuna aliyeona."

"Wameona watu arobaini."

"Wa mashindano, nasema."

Mashavu alitazama barabara ile aliyoipita na kitanda.

Walifika Korogwe jua likielekea kuzama, gari la tatu na la mwisho. Fidahussein alikuwa na daftari lake, Salimu kasimama karibu naye, mikono nyuma.

"Haya, Mzee Mbaruku. Mmesukumwa?" Fidahussein akauliza.

Mbaruku alifungua mdomo. Alichotaka kusema anakijua yeye na Mungu wake. Mashavu akamwekea mkono juu ya kifundo cha mkono.

"Tumesukumwa," akasema. "Hatua thelathini. Na watu wa kwetu."

Fidahussein alishika kalamu. "Dada, ungenyamaza tu," akasema taratibu, kisha akapiga mstari.

Salimu akavuta pumzi. "Basi. Kesho nitaleta watu waifungue injini."

Mashavu alishuka garini, vumbi mpaka kwenye kope, akasimama mbele yake na kumwambia maneno machache, kwa sauti ya kawaida. Salimu, ambaye alikuwa mmoja wa waliokibeba kile kitanda, aliinamisha kichwa.

Kesho yake hakuleta watu. Injini ya kusagia ikatafutwa kwingine, na wanawake wakatwanga mwaka mmoja zaidi; wapo waliomlaumu Mashavu kwa hilo. Jiko lilibeba wagonjwa miaka saba. Wawili walifia ndani yake. Wengine walirudi kwa miguu yao.

Wanaomuuliza Mbaruku mkewe alimwambia nini mwenyekiti huwapa maneno yaleyale, haongezi wala hapunguzi:

"Mwenyekiti, siku ya Zamda watu wa kubeba walikuwa wengi, na wewe ulikuwemo. Kilichokosekana ni gari."