Jua la Upande wa Kushoto

Kabla ya serikali kukataza majina ya kizungu, Mushagalusa aliitwa Ignace. Mkewe Bibiane hakuhangaika na jina lolote kati ya hayo, alimwita Papa Donatien kwa jina la mtoto wao wa kwanza, basi amri hiyo ya Kinshasa nyumbani kwao haikubadilisha kitu. Kilichomshughulisha Mushagalusa ni vivuli.

Alikuwa mchoraji wa plani za nyumba katika ofisi moja ya ujenzi hapa Bukavu. Juu ya meza yake ilining'inia picha iliyoachwa na Mubelgiji mmoja: jumba la Roma, lililochorwa mwaka 1748, nguzo, matao, ngazi, na mwanga ukiingia kutoka kushoto. Upande mmoja mweupe pe, mwingine giza totoro. Miaka kumi na miwili aliikodolea macho. Kila nyumba aliyoichora, iwe ya Nyawera au ya Mudaka, ilipata jua la kushoto. Wakubwa walimsifu, naye, tuseme ukweli, kichwa kilivimba.

Mwaka 1978 yeye na mkewe walipata kiwanja Nyantende. Bibiane alikuwa mshonaji mwenye macho mabovu. Jua likimpiga, machozi yanatoka na sindano haioni tena. Aliomba kitu kimoja tu: baraza lenye kivuli, ashone mchana bila taabu. Mushagalusa akachora. Lo, baraza lile! Nguzo nne, ngazi, na kivuli kizito chini ya paa. Bibiane aliishika plani kwa mikono miwili, akalia kwa furaha.

Nyumba ikajengwa vilevile, uso ukielekea barabarani, yaani magharibi. Siku ya kuhamia, saa nane mchana, jua likaingia barazani kote na halikutoka mpaka jioni. Bibiane alishona pindo moja, akafumba macho, akaweka kitambaa chini.

"Mama Donatien, kwenye plani kivuli iko hapa," alisema Mushagalusa, kidole juu ya karatasi.

"Papa Donatien, jua haikuona plani yako."

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomuuma mumewe. Kesho yake Mushagalusa hakwenda kazini. Aliibeba mashini ya kushonea mwenyewe mpaka nyuma ya jiko penye kivuli, akamwekea mkewe kiti, kisha akaketi kwenye majani hadi jua lilipozama, akiangalia kivuli kinavyotembea. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na hakuwahi kufanya hivyo hata siku moja.